Ukuta Huja Mwisho

Shule ninayosoma, iliyo upande wa Sironga, ina ubao wa matangazo ambao kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza huuamini kuliko anavyomwamini mama yake. Siku moja ubao huo ulitangaza, kwa niaba ya Idara ya Macho, kwamba bendera inapopandishwa, wanafunzi wapya wataisalimu kwa jicho moja, lile jingine wakiwa wamelifunika kwa kiganja, ili wenye kasoro watambuliwe mapema. Jumatatu gwarideni kidato cha kwanza chote kilisimama kimefunika jicho, kimya, kwa heshima kubwa. Shule yetu haina Idara ya Macho. Naibu wa mwalimu mkuu aliniita mimi moja kwa moja, bila uchunguzi wowote, jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa dosari katika mfumo wa haki.

Baba yangu ni mzee wa kanisa kule Nyanchwa, mtu wa kusali akiwa amefumba macho yote mawili. Aliamua kwamba likizo ya Agosti nitaimalizia Manga kwa dada yake, Anti Bathsheba, mahali ambapo hakuna ubao wa matangazo wala kidato cha kwanza.

"Utamsaidia anti yako," alisema. "Na usiguse kitu chake chochote."

Sikuuliza nitamsaidiaje mtu bila kugusa kitu. Nilipanda boda boda nikaenda.

Anti Bathsheba huandika vitabu vya watoto na picha huzichora mwenyewe. Ndani ya vitabu vyake mna wanyama watupu, lakini ukiwatazama vizuri utaona kwamba ni sisi. Katika kile cha mwisho palikuwa na kiboko mwenye duka, ndevu nyekundu za hina, anayepima kitambaa huku akitazama dari. Yeyote aliyewahi kuingia dukani kwa Shueib mjini Kisii alimtambua kabla ya kusoma neno. Shueib mwenyewe aliukata ukurasa huo akaubandika nyuma ya kaunta. Mama Roda, kiongozi wa akina mama wa kanisa pale Manga, hakufurahi kiasi hicho. Yeye alijikuta bata aliyesinzia katikati ya kwaya.

"Nilikuwa nasali," alimwambia Anti.

"Mdomo wazi?"

"Kuna maombi ya aina hiyo."

"Mama Roda, mimi sichori kitu ambacho sijakiona."

Maneno hayo ya mwisho Manga nzima iliyajua kwa moyo. Anti Bathsheba hachori kitu ambacho hajakiona. Tafadhali yashike, kwa sababu ndiyo yaliyotaka kuvunja nyumba ya mtu.

Anti alifanyia kazi yake katika banda la mabati lililowahi kuwa na mashine ya kusaga mahindi. Kitu cha kwanza nilichokishuku ni kufuli. Kitu cha pili ni ndoo. Alikuwa anachimba udongo mwekundu nyuma ya migomba, anauchekecha kama unga wa wimbi, kisha anaingia nao bandani na kujifungia. Udongo uliingia na haukutoka. Kila alasiri mvua ilipoanza kunyesha alisimama mlangoni akaitazama kwa chuki, akisema, "Leo pia imeharibika." Na kila asubuhi mapema alitoka na kwenda kusimama ndani ya shamba la ndizi linalopakana na boma la Mzee Nyamongo. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Anti, unafuga nini humo bandani?" nilimuuliza tukila chai na viazi vitamu.

"Watu wanaouliza maswali."

Mimi ni mtu wa amani, lakini mtu mzima anayebeba ndoo ya udongo kuingia nayo chumba kilichofungwa anapaswa kutoa maelezo. Basi alipokwenda kuchuma mboga nililizunguka banda lile kwa unyenyekevu mpaka nikapata tundu ambalo zamani mkanda wa mashine ulipitia. Nikaweka jicho moja. Lile jingine nikalifunika kwa kiganja, maana ndivyo mtu anavyoona vizuri zaidi. Sayansi hiyo nilikuwa nimeifanyia utafiti.

Tundu lilikuwa dogo na liliniruhusu kuona picha moja tu, iliyoning'inia kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Ilinitosha.

Swala alikuwa jikoni anakoroga sufuria, mtoto mgongoni, macho ameyainamisha, na midomoni ana kitabasamu. Leso ya kichwani ilikuwa ya kijani yenye maua meupe, ile ile anayoifunga Mokeira, mke wa Walter. Na nyuma ya swala huyo, karibu kiasi kwamba pumzi yake ingeweza kuitikisa leso, alisimama nyati mzee. Alivaa kofia ya pama iliyotobolewa na pembe, na miwani iliyofungwa kwa mpira. Mkono mmoja ameshika mkebe wa maziwa. Mwingine ameuweka mdomoni, kama mtu anayenong'ona.

Kofia ile haikuwa na pacha mle Manga. Ilikuwa ya Mzee Nyamongo. Mzee Nyamongo ndiye baba mzazi wa Walter.

Kwa mtu ambaye hakulelewa huku, picha hiyo ingekuwa babu aliyetembelea jiko. Sisi tunayo chinsoni, ile heshima ya kuonana haya kati ya wazazi na watoto wao wakubwa. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono. Mzee akikutwa ndani ya jiko la mke wa mwanawe, ananong'ona, naye mwanamke anatabasamu, hilo si la kucheka. Na Walter anafanya kazi Nakuru, anarudi mara moja moja.

Nikaondoa jicho langu. Nilijiambia: Anti hachori kitu ambacho hajakiona.

Uchunguzi wa kweli huhitaji ushahidi zaidi, kwa hiyo nilimtembelea Mokeira. Alikuwa nje anamenya ndizi, mtoto amelala kwenye kikapu. Juu ya jiwe kando ya ukuta wa jiko palikuwa na mkebe wa alumini umeoshwa na kufudikizwa. Mokeira hana ng'ombe.

"Karibu, kijana wa Nyanchwa. Umetumwa ama umejituma?"

"Nasalimia tu. Shemeji, maziwa unatoa wapi?"

Kisu kilisimama kidogo. "Kwa ng'ombe. Ama kwenu mjini hutoka kwa bomba?"

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa maswali. Chukua ndizi moja uende." Lakini alinyoosha mkono akauchukua ule mkebe, akauingiza ndani, na aliporudi hakunitazama.

Mambo ya Mzee Nyamongo na mwanawe kila mtu aliyajua. Walter alipoacha shamba la chai na kwenda Nakuru, mzee alisimama mbele ya watu na kuapa kwamba nyumba ile haitapata kwake hata kikombe cha maziwa. Mzee Nyamongo aliwahi kuwa karani wa mahakama, na kiapo kwake si maneno ya kupitisha muda. Basi mtu aliyeapa hivyo anatafuta nini jikoni humo na mkebe?

Sikumwambia mtu. Nataka ieleweke hivyo. Nilimuuliza tu Mose, mwendesha boda boda, swali la kinadharia.

"Mose, tuseme mtu amemwona baba mkwe ndani ya jiko la mke wa mwanawe. Anayepaswa kutakaswa ni aliyeingia au aliyeona?"

Mose alizima pikipiki. Sikuwahi kumwona akiizima kwa ajili ya mazungumzo. "Nani huyo, msomi?"

"Ni nadharia."

"Nadharia ya wapi?"

"Ya kwenye picha."

"Picha ya anti yako?"

Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu, kama nilivyokuja kujua, kulizunguka Manga yote kabla ya mvua ya alasiri, kumebebwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki.

Tangu hapo kila mtu alianza kumchungulia mwenzake. Chemchemini wanawake walinyamaza Mokeira alipofika, wakaanza kusifu mtungi wake ambao walikuwa wameuona miaka yote. Mama Roda alipita njia ya boma la Nyamongo hata alipokuwa anaenda upande wa pili. Mzee mwenyewe alikigeuza kiti chake kikatazama migomba. Mimi nilimtazama Anti, nikajiuliza kwa nini anachora jambo kama hilo kwa ajili ya watoto. Anti naye alinitazama mimi juu ya kikombe chake.

Kilichoshangaza ni kwamba mzee hakukana. Mama Roda alimuuliza wazi, kwa ajili ya kanisa, kama amewahi kukaribia jiko lile. Mzee akasema, "Sina la kusema." Mokeira alipoulizwa alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Watu wawili wenye jibu moja wana siri moja. Hivyo ndivyo tulivyoamua.

Halafu Mose akaleta habari kwamba Walter amepigiwa simu na mtu mwenye huruma, na anakuja Jumapili. Akikuta ni kweli, Mokeira atarudi kwao na mtoto wake.

Hapo ndipo ndizi niliyopewa na Mokeira ilipoanza kunikaa vibaya tumboni, ingawa nilikuwa nimeila siku kadhaa nyuma.

Jumapili hiyo walikuja bandani kwa Anti wakati mawingu yameshajikusanya. Mzee Nyamongo alitangulia, kofia kichwani. Walter alifuata akiwa bado na vumbi la safari. Mama Roda alikuja kama shahidi. Mose alikuja kwa sababu ndiye aliyemleta Walter na hakuona haja ya kuondoka. Mokeira alibaki nje, nyuma ya banda, maana hangeweza kukaa na baba mkwe wake katika chumba kidogo kama hicho. Tulimsikia tu akimbembeleza mtoto upande wa pili wa mabati.

"Bathsheba," Mzee alisema, "nimesikia umenichora."

"Nani amekwambia?"

Wote walimtazama Mose. Mose akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari, maana hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki.

"Tunataka kuiona," Walter alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Halafu tunataka kuichoma."

"Mkiichoma ndipo itakuwa kweli," Anti alijibu. "Nyote mtaendelea kuiona vichwani, na kila mwaka itazidi kuwa mbaya. Hiyo ndiyo picha iliyobeba kitabu kizima, Walter. Hebu iangalie kwanza."

Akaishusha kwenye kamba, akailaza mezani.

Mzee Nyamongo alivua kofia yake, lakini alikuwa amechelewa, kila mtu alishaiona mara mbili. Walter aliketi juu ya gunia bila kuangalia kama lina kitu. Mama Roda alianza kuguna kwa ndani, mguno wa mtu anayekusanya maneno ya sala.

Mimi sikuweza kuitazama picha ile tena, kwa hiyo nilitazama zile nyingine kwenye kamba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona. Kuku walikuwa wamelala hewani, wamejipanga juu ya kitu kisichokuwepo. Kitanda kilikuwa katikati ya migomba. Mlango ulisimama peke yake shambani, na sungura aliubisha kwa adabu ingawa angeweza kuuzunguka.

"Anti," nilisema, "nyumba ziko wapi?"

"Kwenye ndoo," alisema Anti.

Alituonyesha. Watu na vitu huvichora kwanza kwa rangi ya maji. Kuta huja mwisho, kwa sababu huzipaka kwa udongo halisi wa Manga uliochanganywa na gundi, ili mtoto akipitisha kidole kwenye karatasi aone unavyopasukapasuka kama ukuta wa kwao. Udongo huo huchafua kila kitu, na lazima ukauke siku hiyo hiyo kwa jua. Jua lilikuwa halijapatikana tangu mwezi uanze.

"Kwa hiyo ukuta unapita hapa," Anti alisema, akapitisha kidole kati ya swala na nyati. "Huyu yuko ndani. Huyu yuko nje. Hanong'oni, anakohoa, ili aliye ndani ajue kuna mtu na asitoke ghafla. Kila asubuhi nimeona hivyo nikiwa kwenye migomba. Anakohoa, anaweka, anaondoka."

Alichovya brashi kwenye ndoo, kisha akaishika hewani bila kuishusha. Akamgeukia Mzee.

"Nikiweka ukuta, Mzee, watu wataona kwamba uko nje. Lakini wataona pia ulichobeba."

Hapo nikaelewa kwa nini mzee hakukana. Kuthibitisha kwamba hakuingia, angelazimika kueleza alikuwa pale kufanya nini. Aliapa mbele ya watu kwamba hata kikombe hakitatoka kwake, na kila asubuhi alikuwa anapeleka mkebe mzima. Mokeira alilijua hilo, akaamua kutiliwa shaka kuliko kumwaibisha. Nami nilipouona ule mkebe juu ya jiwe, niliutumia kama kielelezo cha mashtaka.

Mzee aliizungusha kofia mikononi. Kutoka nje, kupitia mabati, sauti ya Mokeira ilikuja taratibu.

"Baba, wacha tu. Mimi naweza kwenda kwetu kwa muda. Yataisha."

Walter aliinua kichwa. Mzee alikohoa, kikohozi kile kile bila shaka, maana mtoto huko nje aliacha kulia mara moja.

"Bathsheba," alisema, "weka ukuta."

Anti aliuweka. Niseme kwamba sijawahi kuona ukuta uliojengwa kwa ushauri mwingi kiasi hicho. Mama Roda alitaka uongezwe unene. Mose alipendekeza msingi wa mawe. Mzee mwenyewe, akiwa ameinama na miwani yake ya mpira, alionyesha sehemu ya juu ambako, kwa maoni yake kama mtu wa mahakama, bado palikuwa na mwanya. Kidogo kidogo udongo mwekundu uliwatenganisha, mpaka akabaki mama jikoni anatabasamu kwa sababu amesikia kikohozi, na babu nje kwenye baridi, mkebe mkononi, anageuza uso pembeni.

Mvua ikaanza. Anti akalaani kwa upole, nikatumwa jiko la makaa. Tuliizunguka picha ile kama wagonjwa wa kifua, na kwa kuwa hapakuwa na cha kupepelea, Mzee Nyamongo alipepea makaa kwa kofia yake mpaka ukuta wake ukakauka.

Walter alikuwa ametoka. Tulimsikia akiwa nyuma ya banda na mkewe, chini ya ule ukingo mdogo wa paa, wakizungumza kwa sauti za chini. Kisha akagonga bati.

"Baba. Hayo maziwa ni ya ng'ombe gani?"

"Wa mama yako."

"Si uliapa?"

Mzee aliendelea kupepea. "Niliapa wewe hupati. Mtoto hakunikosea."

Upande wa pili Mokeira akacheka, na Mama Roda akasahau sala aliyokuwa ameikusanya.

Kitabu kilitoka muhula uliofuata. Nakala moja Anti alimpa Mzee, ambaye anasema hamfahamu nyati huyo lakini humwonyesha kila mgeni. Nyingine aliituma shuleni kwetu kwa jina la maktaba, na naibu wa mwalimu mkuu, kwa sababu ambazo sikuzielewa mwanzoni, aliishika juu gwarideni akaifungua kwenye ukurasa wa ukuta.

Ukuta ulikuwa vile vile, unene wa Mama Roda, msingi wa Mose. Lakini chini, pembeni, palikuwa na tundu ambalo halikuwepo siku ile. Nyuma ya tundu alikuwapo nguchiro mdogo mwenye sare ya shule na masikio yangu. Alichungulia kwa jicho moja. Lile jingine alikuwa amelifunika kwa kiganja.

Kidato cha kwanza kilinigeukia, kikainua mikono na kufunika jicho, wote pamoja, bila tangazo lolote.

Aibu hiyo naweza kuivumilia. Kinachonisumbua ni jambo jingine. Anti alikuwa amekwenda kuchuma mboga. Nilimwona kwa macho yangu akishuka na kikapu. Na Anti Bathsheba hachori kitu ambacho hajakiona. Tangu siku hiyo nikitaka kuchungulia mahali, kwanza natazama nyuma yangu, kisha kwenye migomba, kisha nyuma tena.